Kasuku Aliyehamia Kwako: Mwongozo Kamili wa Kuanza Kumfundisha

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kasuku, methali hiyo iweke kando. Ukimpa jembe siku ya tatu, atakurudishia kidole kinachovuja damu.

Bosi, kasuku wa kijivu, alikuwa ameshapita nyumba mbili kabla ya kufika kwangu. Nami nilikuwa nimeshasoma na nimeshapanga: siku ya pili atapanda mkononi, wiki ya pili atakuwa anasalimia wageni. Siku hiyo ya pili nikaingiza mkono tunduni. Akasogea hadi mwisho wa ufito. Nikausogeza mkono. Akabana manyoya mpaka akawa mwembamba, kama ndege aliyenyeshewa. Nikausogeza tena huku nikimbembeleza kwa sauti laini. Kovu lingalipo kwenye kidole cha shahada, na nikilitazama huwa nahesabu: alinikataza mara mbili, kwa adabu kabisa, kabla ya kuuma.

Ninachotaka kukueleza kinaanzia hapo. Kasuku ambaye "hapana" yake ndogo inasikilizwa hana haja ya kutumia ile kubwa. Kijiti, zawadi, neno "panda", yote yatakuja na nitayaeleza hatua kwa hatua, lakini yanasimama juu ya hilo.

Kabla hajafika: ulizia alikotoka

Kasuku huishi sana. Kokatieli, kasuku mdogo mwenye kishungi, akitunzwa vizuri hufika miaka 15 hadi 20, kasuku wa kijivu 40 na zaidi. Kwa hiyo uliyemchukua huenda ana maisha marefu nyuma yake, na mengi ya hayo utayakuta ndani ya tabia zake. Kaa na aliyemlea umuulize. Anakula nini hasa? (Usiulize anatakiwa kula nini, utapewa jibu la vitabuni.) Analala saa ngapi? Hupanda mkono wa kulia au wa kushoto, na wa nani? Hukimbia nini: kofia, ufagio, taulo, glavu, watu wenye ndevu? Maneno gani huambiwa kabla ya kupewa chakula, kabla ya kufunikwa usiku? Jina alilokuja nalo mwachie. Huenda ndicho kitu pekee atakachokitambua katika nyumba yako nzima.

Kwa kasuku wa kijivu, ulizia na hati. Tangu Januari 2017 wamo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori iliyo hatarini, ambacho hakiruhusu biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini, na nchi nyingi zina masharti yake zenyewe juu ya kumfuga.

Mengine hutaambiwa. Aliyenikabidhi Bosi alisema tu, "Hana neno huyu." Usiku wa kwanza, taa zimezimwa, nikasikia mzee akikohoa sebuleni. Kikohozi kizito cha kifuani, kisha mlio wa simu ya zamani, kisha "haloo?" ya mtu aliyechoka. Nilitoka chumbani na tochi mkononi. Alikuwa Bosi gizani, peke yake, akizungumza kwa sauti ya mtu ambaye hadi leo simjui.

Tundu, usingizi, daktari

Haya nayapitia haraka. Tundu liegemee ukuta angalau upande mmoja, kwa kuwa ndege anayetazamwa kutoka pande nne hapumziki. Liwe kimo cha kifua chako hivi, mahali ambapo watu wa nyumbani wanaonekana lakini hawapitipiti puani pake. Jikoni hapana kabisa: vikaango vyenye utando wa kuzuia kunata vikipata moto kupita kiasi hutoa moshi unaoua ndege kwa muda mfupi mno, na wewe uliye pale pale huenda usisikie harufu. Fito za kusimamia ziwe na unene tofauti, maana ufito wa unene mmoja tu huumiza nyayo. Usiku apate saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Kasuku asiyelala hafundishiki. Atakuwa mkali tu na wewe utadhani ni tabia.

Ndani ya siku za mwanzo apelekwe kwa daktari anayejua ndege. Ukiwa na ndege wengine, mgeni akae chumba cha peke yake kwa siku 30 angalau. Kuna bakteria aitwaye Chlamydia psittaci ambaye kasuku anaweza kumbeba bila kuonyesha dalili, na huambukiza binadamu pia, akamletea homa na hata nimonia. Nawa mikono kila ukimaliza kusafisha tundu.

Nunua na mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mwanzoni hatakubali kupanda juu yake, lakini utaihitaji, na nitairudia.

Chakula cha zamani usikibadilishe wiki za mwanzo, hata kama ni mbegu tupu na kinakukera. Nyumba imebadilika, watu wamebadilika, sauti zimebadilika. Bakuli libaki lile lile. Mlo bora utaanzishwa pole pole akishatulia.

Jifunze kumsoma kabla ya kumfundisha

Chukua kiti, kaa hatua kadhaa kutoka tunduni, ushike kitabu na ujifanye unasoma. Unachotafuta ni mambo madogo.

Kasuku aliyetulia manyoya yake yamelegea kidogo, mguu mmoja umekunjwa tumboni, na mara nyingi unasikia mdomo ukisagika, kri-kri-kri, kama mtu anayesaga meno usingizini. Huo ni mlio wa raha. Akijikung'uta manyoya yote kwa mara moja, mwili umeachia wasiwasi uliokuwepo. Akijichokonoa manyoya mbele yako, au akala ukiwa unamtazama, amekuamini kiasi.

Mwenye hofu hubana manyoya, hurefusha shingo, huegemea upande ule usiokuwa wako, na huganda. Kuganda ndiko watu wengi hukosea. Wanaona ametulia, wanasema, "tazama, amekubali." Hajakubali chochote. Kula ameacha, kupepesa jicho ameacha, anangoja kuona utafanya nini. Baada ya hapo ndipo mdomo hufunguka, mwili huinama mbele, na huo ni onyo la mwisho.

Mboni za macho zinazopanuka na kusinyaa haraka haraka zinamaanisha damu imechemka, ila hazikwambii kwa furaha au kwa hasira. Soma na mwili mzima. Mboni zinacheza, mkia umetandazwa kama kipepeo, manyoya ya kisogo yamesimama: toa mkono wako hapo. Mboni zinacheza huku anapiga mluzi kwa sababu ameona ganda la lozi: hilo ni shangwe. Walio na kishungi, kama kokatieli na kokatuu, wamekurahisishia kazi, maana kishungi husema kabla ya mdomo.

Kuna hali moja si ya mafunzo kabisa. Ndege aliyevimba manyoya mchana kutwa, anasinzia, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, ni mgonjwa. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Ndege huficha ugonjwa mpaka asiweze tena kuuficha.

Hatua ya 1: mlipe kwa kuondoka

Watu hufikiri malipo ni chakula. Kwa kasuku anayekuogopa, zawadi kubwa kuliko zote unayoweza kumpa ni kuondoka kwako, na siku za mwanzo huenda hata mbegu ya alizeti haipokei ukiwa karibu. Basi tumia hicho alicho na hamu nacho.

Tembea kuelekea tunduni taratibu, kwa mshazari badala ya moja kwa moja, ukimtazama kwa pembe ya jicho. Kuna mahali atabadilika: ataacha kutafuna, au atanyoosha shingo. Huo ndio mpaka wake leo. Kumbuka ulipokanyaga. Siku nyingine simama hatua moja kabla ya hapo. Usiseme neno. Ngoja. Itapita nusu dakika, pengine mbili, kisha atafanya kitu kidogo cha kulegea: atapepesa jicho, atashusha mguu, atarudi kwenye bakuli. Papo hapo geuka uondoke.

Umemfundisha jambo ambalo huenda hajawahi kufundishwa katika nyumba zote alizopita: akitulia, mtu huondoka, hahitaji kuuma wala kupiga kelele. Rudia mara nne au tano kwa kipindi, asubuhi na jioni. Mpaka utasogea wenyewe. Kwa Bosi, ulikuwa mlangoni mwa chumba. Baada ya siku tisa nilikuwa nimesimama kando ya tundu, na alikuwa akitafuna karoti huku akinitupia jicho moja, kama mwenye duka anayemtazama mteja asiyenunua.

Ukikosea ukavuka mpaka, usikimbie wala usijipige kifua. Ganda, rudi hatua nusu, ngoja alegee, ondoka. Basi.

Ukishaweza kukaa karibu, anza kudondosha kitu anachokipenda bakulini kila unapopita, bila kumtaka afanye lolote. Unapita, kitu kizuri kinaanguka, unaendelea na safari. Baada ya siku chache ataanza kusogea upande wa bakuli akikuona unakuja. Hapo mmeingia darasani.

Hatua ya 2: jua anachokithamini

Weka kwenye kisahani vipande vidogo vya vitu vitano au sita: alizeti, jozi, lozi, zabibu, hindi, pilipili. Ndiyo, pilipili. Ukali wa pilipili ndege hausikii kama tunavyousikia sisi, na kasuku wengi huzipenda kwa ajili ya mbegu zake. Tazama anachukua nini kwanza. Rudia siku tatu. Kinachokimbiliwa kwanza siku zote tatu ndicho zawadi ya mafunzo, na kuanzia leo kinatoka bakulini. Kitapatikana kwenye mafunzo tu.

Kipande kiwe kidogo kiasi cha kuisha kwa sekunde chache. Jozi moja igawanye mara kumi. Ukimpa nzima atatafuna dakika tatu, asahau mlikuwa mnafanya nini, na atashiba mapema.

Usimnyime chakula ili awe "na hamu". Njaa humfanya ndege ashike kwa pupa na kuuma, na kwa ndege mdogo ni hatari kwa uhai. Fundisha kabla ya mlo, wakati tumbo lina nafasi kwa kawaida yake, kisha mpe mlo wake kamili. Mizani ndiyo shahidi wako: akishakubali kupanda juu yake, mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Uzito ukipungua kwa sehemu moja ya kumi, mpigie daktari.

Visivyopita mdomoni mwake kamwe: parachichi, chokoleti, kahawa na chai, pombe, kitunguu na kitunguu saumu, mbegu za tufaha na kokwa za matunda kama pichi.

Hatua ya 3: neno linaloahidi

Kati ya kitendo chake na zawadi kufika mdomoni, sekunde mbili tatu hupita. Katika sekunde hizo kasuku amefanya mambo manne mengine na hajui amelipwa kwa lipi. Hivyo unahitaji alama: sauti fupi, ile ile siku zote, inayosema "hilo hapo, malipo yanakuja." Wengine hutumia kidude cha kubonyeza chenye mlio wa "tak". Mimi natumia ulimi, kwa sababu kidude hupotea na ulimi haupotei, tena mikono inabaki huru. Neno fupi kama "ndiyo!" linafaa pia, ilimradi hulitumii ovyo siku nzima.

Kuifundisha alama ni kazi ya dakika tatu. Piga mlio, mpe kipande. Piga mlio, mpe kipande. Mara kumi na tano hivi, bila kumwomba kitu. Akianza kugeuza kichwa kutafuta mkono wako kila asikiapo mlio, ameelewa. Tangu hapo sheria ni moja: mlio ukitoka, malipo yanafuata, hata kama uliupiga kwa makosa. Ukivunja ahadi mara kwa mara, mlio unageuka kelele tu.

Kama bado anaogopa vidole, toa zawadi kwa kijiko kirefu au udondoshe bakulini. Hakuna aibu katika hilo.

Hatua ya 4: kugusa kijiti

Hili ndilo somo la kwanza la kweli, na uzuri wake ni kwamba mnaweza kulifanya mlango wa tundu umefungwa, wewe salama, yeye salama.

Tafuta kijiti chembamba kisichopakwa rangi, urefu wa kalamu au zaidi kidogo. Kama kijiti chenyewe kinamtisha, kiache juu ya meza karibu na tundu siku mbili kwanza, akizoee kama anavyozoea kiti. Kisha kipitishe ncha kati ya nyaya, mbali kidogo na kichwa chake, pembeni, usimwelekezee usoni. Kasuku ni mdadisi; wengi watanyoosha shingo kukipima kwa mdomo. Mdomo ukigusa, tak, zawadi.

Asipogusa, lipa alichokupa. Kakitazama? Tak. Kaegemea upande wake? Tak. Kapiga hatua moja? Tak. Unapandisha bei kidogo kidogo: leo unalipia kutazama, kesho kusogea, keshokutwa kugusa. Akiking'ang'ania na kukitafuna, mlio uwe wa mapema zaidi, ule wakati mdomo unafika tu, kabla haujabana.

Akishagusa mara nane katika kumi bila kusita, hamisha kijiti. Sentimita tano kushoto, kisha juu, kisha upande wa pili wa ufito ili atembee. Kabla ya wiki kwisha unaweza kumpeleka popote ndani ya tundu bila kumshika. Fikiria maana yake: utamtoa kwenye bakuli unapotaka kulisafisha, utamwingiza tunduni usiku, utampandisha mizani, na yote hayo akienda kwa miguu yake mwenyewe kwa sababu anataka.

Kipindi kisizidi dakika tano. Kwa kasuku wadogo dakika mbili zinatosha. Mara mbili au tatu kwa siku, na ufunge kipindi angali anataka. Akigeuka kujichokonoa manyoya, au akaenda zake upande wa pili, amesema somo limekwisha. Funga, mpe kipande cha bure, nenda kafanye mengine. Kesho atakuja mwenyewe.

Hatua ya 5: "panda"

Usianzie mkononi. Anzia kwenye kijiti kinene au ufito wa kushika, maana mikono, kwa kasuku wengi waliohama nyumba, ina kesi nyingi.

Mlango wa tundu ukiwa wazi, shika ufito mbele ya miguu yake, juu kidogo ya vidole, na kijiti cha kugusa nyuma ya ufito huo, ili akikifuata alazimike kuegemea. Lipa kuegemea. Halafu lipa mguu mmoja kugusa ufito. Halafu mguu mmoja kuwekwa. Halafu miwili. Usimpige kifuani kwa ufito ili kumsukuma, ingawa utasikia watu wengi wakishauri hivyo. Ni kweli ndege atapanda. Anapanda ili asianguke. Siku atakapogundua kwamba kuuma kunazuia kusukumwa, atauma.

Akipanda ufito bila wasiwasi, sogeza mkono wako karibu na pale unapoushikia, kipindi baada ya kipindi, mpaka mguu wake mmoja unatua kwenye kidole. Neno "panda" lianze kutumika sasa, si mapema. Ukilisema wakati hajui kupanda, unamfundisha kulipuuza.

Zingatia hili, limeharibu uhusiano mwingi. Kasuku hutumia mdomo kama mguu wa tatu. Kabla ya kupanda juu ya kitu asichokijua, huinama akakishika kwa mdomo kupima kama kitamhimili. Atafanya hivyo kwa kidole chako. Haumi; anapima ngazi. Ukishtuka ukautoa mkono, umemwonyesha kwamba ngazi hii huanguka, na mara nyingine atashika kwa nguvu zaidi. Mkono ukae imara kama tawi. Kama huna uhakika utaweza, rudi kwenye ufito wiki moja zaidi.

Kushuka nako ni somo. Kila "panda" iwe na "shuka" yake, na shuka ilipwe vizuri kuliko panda, hasa kurudi tunduni. Ndege anayerudishwa tunduni bila chochote hujifunza haraka kwamba tundu ni mwisho wa raha, na kuanzia hapo ataanza kuruka, kung'ang'ania shati, au kuuma kila ukikaribia mlango. Bosi akirudi hukuta jozi imemsubiri bakulini. Sijawahi kumlazimisha kurudi tangu nilipoanza hivyo.

Begani asipande kwanza. Watu husema ati akiwa juu kuliko wewe atajiona mkubwa. Hayo hayana msingi. Sababu ni nyepesi zaidi: begani humwoni, na usichokiona huwezi kukisoma, na jicho lako liko pale pale.

Akiuma

Huenda akauma. Weka mkono chini au mrudishe mahali pa karibu, taratibu, bila kelele wala hotuba. Usimtikise, usimpulizie usoni, usimpige mdomoni. Hayo yote humfundisha kwamba alikuwa na haki ya kukuogopa, na wengine huona kelele zako ni burudani.

Halafu nenda kaandike. Kweli, kwenye daftari: saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, mwili wake ulikuwaje sekunde tano kabla. Baada ya mara tatu nne utaona mchoro. Kwangu ilikuwa saa. Saa yenye mkanda wa chuma unaong'aa. Nilipoivua, nusu ya matatizo yalikwisha.

Kuna kipindi cha balehe na misimu ya kutaka kuzaa ambapo hata ndege mpole hukunja uso. Usimpapase mgongoni, chini ya mabawa wala karibu na mkia, kwa maana kwake huo ni mguso wa mwenzi. Kichwa na shingo vinatosha. Ondoa pia masanduku na mapango anayoyafanya kiota. Na anapobadilisha manyoya, vile vichipukizi vinavyoota kichwani vinauma vikiguswa, kwa hiyo mvumilie.

Makelele

Kasuku porini huishi kundini, na akimpoteza mwenzake machoni humwita. Ukitoka chumbani naye akaita, anauliza uko wapi. Mjibu. Chagua mluzi mfupi mnaoweza nyote wawili na umjibu kwa huo kila anapoita kwa sauti ya kawaida. Kinachomzidishia ukelele ni kukimbilia chumbani anapopiga yowe na kumpuuza anapoita kwa upole. Fanya kinyume. Tahadhari moja: ukianza kutojibu yowe, yowe litaongezeka kwa siku kadhaa kabla ya kupungua. Ukishindwa siku ya nne ukamkimbilia, umemfundisha kwamba yowe la siku nne ndilo linalofanya kazi.

Kuhusu kusema

Tuna msemo wa kukariri kama kasuku, na nadhani tumewaonea. Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na mwanasayansi Irene Pepperberg tangu 1977 hadi alipokufa 2007, alijua maneno zaidi ya 100, alitaja rangi na maumbo, na aliweza kujibu sinia moja lina vitu vingapi vya rangi fulani. Njia iliyotumika ilikuwa watu wawili mbele yake: mmoja anauliza, mwingine anajibu na kupewa kile kitu, yeye anatazama, kisha zamu yake. Unaweza kuifanya nyumbani. Unapompa lozi, sema "lozi". Unapompandisha, "panda". Maneno yanayoshikamana na kitu huingia haraka kuliko salamu zinazorudiwa mbele ya tundu nusu saa. Wengine hawasemi kabisa maisha yao yote, na hujifunza mengine yote vizuri tu.

Taulo, kisanduku, na chumba chenye madirisha

Fundisha haya mapema, siku ambayo hakuna haja nayo. Kisanduku cha safari kikae wazi sebuleni, zawadi ndani, mpaka awe anaingia mwenyewe akikifuata kijiti. Taulo litandikwe mezani, alipwe akikanyaga ukingo, kisha katikati, kisha pembe moja ikiinuliwa kidogo. Siku ya daktari utajishukuru.

Kabla ya kumtoa tunduni aruke, zunguka chumba: madirisha yamefungwa na pazia limeshushwa, vioo vimefunikwa, feni imezimwa na kutulia kabisa, sufuria ya moto haipo, ndoo ya maji imefunikwa, mbwa na paka wako nje na mlango umefungwa. Kila mtu wa nyumbani ajue kwamba ndege yuko nje.

Siku atakayokataa kilichokuwa rahisi jana, rudi hatua moja nyuma, akipate, funga kipindi. Ukirudi nyuma mara tatu mfululizo bila mafanikio, mpime uzito na uangalie kinyesi chake kabla hujalaumu mafunzo.

Bosi alinichukua wiki 11 kufika mkononi. Jioni hiyo aliinua mguu, akaurudisha kwenye ufito, akauinua tena. Akashika kidole kwa mdomo, pale pale penye kovu, akakibonyeza kidogo, akakiachia. Halafu akapanda, mguu mmoja, wa pili, kucha zake baridi. Sikusogea. Tak, jozi, shuka, jozi nyingine, nikafunga mlango wa tundu na kwenda kulala. Wiki ile nilikuwa na mafua. Usiku wa manane kikohozi kikasikika sebuleni, nikakaa kitandani kusikiliza. Mara hii kilikuwa changu.